Theluji ya Mei haijali pumzi zako

Mlima Washington, kule New Hampshire, una urefu wa mita 1,917 tu. Limuru ya Kenya iko juu zaidi, na Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya, inaupita kwa mbali. Ndiyo maana mtu aliyezoea mbio za nyanda za juu, au Mkongomani anayeishi Lewiston ya Maine au Manchester ya New Hampshire na anatafuta mlima wa mazoezi ulio karibu, akiutazama kwenye ramani anaona kilima tu. Kwa upande wa pumzi hajakosea, maana hewa ya pale haitamsumbua. Lakini kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Mei, mara nyingine hata Juni, njia ya kupanda kupitia bonde la Tuckerman Ravine bado ina theluji, na theluji hiyo haiulizi mtu anakimbia kilomita kumi kwa dakika ngapi.

Msimamo wangu ni kwamba katika msimu huo safari ipangwe kwa kufuata saa ambayo theluji italainika. Kilele kije baadaye, kama muda utaruhusu. Na mkimbiaji akubali kwamba mahali pa kukimbia ni chini ya Hermit Lake, ziwa dogo lililo kupita kidogo nusu ya njia. Kuanzia hapo kwenda juu ni kutembea, tena kwa adabu. Najua wapo watakaosema huo ni woga.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Pinkham Notch, kituo cha kuanzia chini ya mlima, kwenye mita 620 hivi, hadi kileleni ni kilomita 6.7, na unapanda karibu mita 1,300. Kilomita 3.9 za kwanza zinakufikisha Hermit Lake, kwenye mita 1,180 hivi. Njia ni pana, imejaa mawe, na mwinuko wake unaendelea bila kukupa nafasi ya kupumua. Baada ya hapo unaingia kwenye bonde lenyewe, na ukuta wake wa nyuma ni mkali hasa. Kila majira ya kuchipua Idara ya Misitu ya Marekani hufunga kipande cha njia kati ya Lunch Rocks, rundo la mawe ndani ya bonde, na makutano na njia ya Alpine Garden juu ya ukuta, kwa sababu maji yanapita chini ya theluji na nyufa zinafunguka juu yake. Kufungwa huko kunamhusu kila mtu, anayepanda na anayeteleza kwa ski. Njia mbadala ni Lion Head, lakini nayo ina njia ya kiangazi na ya baridi, na ipi itumike inategemea theluji iliyopo. Ubao wa Pinkham Notch na taarifa za kituo cha maporomoko ya theluji cha mlima huo, Mount Washington Avalanche Center, ndivyo vya kufuata. Programu ya simu inayoonyesha mstari wa njia haijui kama mstari huo leo umefungwa.

Sasa theluji. Ile ya majira ya kuchipua huyeyuka mchana na kuganda usiku, na siku nzima inaongozwa na jambo hilo moja. Usiku wa anga safi ardhi hupoteza joto na theluji huganda vizuri, hata kama kipimajoto cha bondeni kilibaki nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri. Usiku wa mawingu joto hurudishwa chini, theluji haigandi, na unapofika alfajiri unakuta uji. Kwa hiyo kabla ya kulala usiangalie joto peke yake, angalia na mawingu. Bonde la Tuckerman linaelekea kusini-mashariki, jua linalipata mapema, na mwanzoni mwa Mei jua huchomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anayetoka Pinkham saa tatu asubuhi ameshachelewa.

Kipimo ni kisigino cha kiatu. Kikigonga na kisiache alama, hiyo ni barafu. Usipande mteremko mkali bila kramponi, yaani meno marefu ya chuma yanayofungwa kwenye kiatu, na shoka la barafu, na bila kujua kuvitumia. Ncha ya kiatu ikiingia sentimita mbili hadi tano, theluji iko kwenye hali yake bora: inashika na inabeba. Mguu ukizama hadi kifundo, muda wa kuwa kwenye mteremko mkali umekwisha. Ukizama hadi goti umechelewa, na kila hatua ijayo itakula nguvu za hatua nne. Tena hali hizi hugeuka upesi. Pembe ya kushoto ya bonde huingia kivulini mchana, na theluji iliyokuwa laini saa saba inaweza kuwa kioo saa tisa.

Waongozaji wa Kilimanjaro wanalielewa hili bila darasa. Safari ya kutoka kambi ya Barafu huanza karibu saa sita usiku, na sababu mojawapo ni kwamba kokoto za mteremko wa Kibo zikiwa zimeganda zinabeba mguu, na jua likishazilegeza unapanda hatua mbili unarudi moja. New Hampshire mlima ni mfupi, lakini sheria ni ileile.

Hatari inayonikera zaidi kwa sababu inadharauliwa ni ile ya sehemu za chini, ndani ya miti, ambako watu wanadhani wameshatoka kwenye matatizo. Njia iliyokanyagwa majira yote ya baridi hubaki kama tuta jembamba la theluji ngumu katikati, wakati theluji ya pembeni imeshalegea. Tuta hilo linaweza kuwa na upana wa sentimita thelathini, mgongo wake umeviringika, na juu lina utando wa maji. Ukikimbia juu yake na mguu ukakosa katikati kwa upana wa vidole vitatu, unatumbukia hadi paja. Mwili unaendelea mbele, muundi unabaki shimoni umegandamizwa kwenye ukingo mgumu. Hapo ndipo goti linapochanika. Karibu na misonobari midogo ya juu ni vilevile: matawi yaliyofukiwa huacha uwazi chini yake, na theluji inayoonekana tambarare ni dari tupu. Usikanyage ndani ya hatua mbili kutoka shina lolote linalochungulia.

Vijito ndivyo vinavyohitaji macho zaidi. Maji yakipita chini hula theluji kutoka tumboni, na juu hubaki daraja. Tafuta mstari uliobonyea kidogo, wenye rangi ya kijivu kuliko pembeni, kisha simama usikilize. Choma kwa fimbo kabla ya kupita: ikitoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani, au ikizama ghafla baada ya ugumu wa mwanzo, tafuta pengine pa kuvukia. Fungua mikanda ya mkoba, wa kifuani na wa kiunoni, kabla ya kuvuka. Na vukeni mmoja mmoja.

Halafu kuna ile minyororo ya meno inayovalishwa juu ya raba. Ni kifaa kizuri sana, na ndicho kinachowaponza wengi. Meno yake ni ya sentimita moja hivi, na yanashika vizuri kwenye njia ngumu ya mteremko wa kawaida. Mteremko ukifikia nyuzi thelathini, raba inajipinda, mpira unaoshikilia minyororo unasogea pembeni, na umebaki umesimama juu ya ukingo wa soli. Theluji ya maji nayo hujikusanya chini ya minyororo ikawa donge la sentimita nne au tano, meno yasiguse kitu. Ukiona unarefuka, simama, gonga upande wa kiatu kwa fimbo, donge litoke. Ukilazimika kugonga kila baada ya hatua kumi, vua: theluji ya namna hiyo inashikika vizuri zaidi kwa soli tupu yenye meno ya mpira. Kramponi za kweli zinataka kiatu chenye soli ngumu, na hakuna raba ya mbio inayofaa.

Kupanda huchosha, ila wanaoumia wengi huumia wakishuka. Kanuni ya kwanza ni kutopanda mteremko ambao huwezi kuushuka kwa uso ukiutazama mlima, hatua kwa hatua. Ya pili: usiteleze kwa makalio ukiwa na meno miguuni, ya aina yoyote. Jino moja likinasa, kifundo kinavunjika huku mwili ukiendelea kushuka. Kama unataka kuteleza, vua meno, hakikisha theluji ni laini, na uone kwa macho mahali utakapoishia, pasiwe na mawe wala miti wala shimo. Shoka la barafu likiwa mkononi mwa asiyewahi kujizuia nalo kwenye mteremko mdogo wa mazoezi ni chuma cha kujichomea tu. Na usipumzike Lunch Rocks, hata kama jina linakualika. Vipande vya barafu hukatika kwenye kuta za juu yake siku za joto, vingine vikubwa, na vinapitia papo hapo.

Mavazi nitayapitia haraka. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita elfu, kwa hiyo kileleni ni baridi kuliko Pinkham kwa nyuzi nane au zaidi kabla hujahesabu upepo. Na upepo wa pale una historia: tarehe 12 Aprili 1934 kituo cha hali ya hewa cha kileleni kilipima kilomita 372 kwa saa. Upepo wa kilomita 80 tu kwenye nyuzi sifuri unahisiwa na ngozi kama nyuzi kumi chini ya sifuri. Mkimbiaji ameloa jasho na amevaa kidogo. Akiteguka kifundo na kusimama, anaanza kutetemeka ndani ya dakika chache. Kwenye mkoba wa lita kumi na mbili viingie jaketi la mvua na suruali yake, sweta au jaketi la joto lililofungwa ndani ya mfuko usioingiza maji, kofia, glavu jozi mbili, soksi kavu, tochi ya kichwani, mfuko wa dharura wa kujifunika, chakula cha saa tatu zaidi ya unavyodhani, na lita moja na nusu ya maji. Maji yawe kwenye chupa, kwa sababu mrija huganda. Usitegemee jengo la kileleni, kabla ya katikati ya Mei huwa limefungwa. Miwani ya jua ni lazima. Theluji hurudisha sehemu kubwa ya mionzi, na macho yanaweza kuungua asubuhi moja, ukaja kuyasikia usiku. Pamba iache nyumbani.

Theluji ikiisha linakuja tope, na hapo nina ugomvi na wakimbiaji wenzangu. Wengi hupita pembeni ili raba zisichafuke. Wanaipanua njia, wanakanyaga mimea ya ukingo, na maji ya mvua yanapata mfereji mpya. Pita katikati ya tope. Raba huoshwa.

Anayetaka mlima huu kwa mbio hasa, asubiri Juni. Kuna mashindano ya barabara ya magari ya mlima huo, kilomita 12.2, mwinuko wa wastani asilimia 12, na kipande cha mwisho asilimia 22. Jonathan Wyatt wa New Zealand alipanda kwa dakika 56 na sekunde 41 mwaka 2004, na Shewarge Amare wa Ethiopia akaweka rekodi ya wanawake mwaka 2010 kwa saa 1:08:21. Pumzi za Iten zinalipa pale, juu ya lami, bila kujiuliza chini ya mguu kuna nini.

Kwa atakayekwenda Mei hata hivyo: jimbo la New Hampshire linaweza kumdai gharama za uokoaji mtu aliyeonekana kuzembea. Kadi iitwayo Hike Safe, inayouzwa na idara ya wanyamapori ya jimbo kwa dola 25 kwa mtu mmoja na dola 35 kwa familia, inakuondolea deni hilo kwa mwaka husika, hata kama kosa lilikuwa lako. Haimwondolei aliyefanya kusudi, wala aliyehatarisha maisha akijua anachofanya, na kuvuka kamba ya njia iliyofungwa ni tendo gumu kuelezwa kwa namna nyingine.