Nilifagia Kabla ya Kuhukumiwa

Kwa zaidi ya miaka kumi nimesukuma mkokoteni katika soko la Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo, jijini Dar es Salaam, na hadi mwaka 2014 hiyo ndiyo mahakama pekee niliyowahi kukanyaga. Pale kesi zake ni nyepesi. Mkungu ulioiva kupita kiasi hushushwa bei, mchanga huambiwa usubiri, na hakuna mkungu unaoruhusiwa kuleta wakili wa kueleza kwamba mabaka yake ni suala la kiufundi.

Siku niliyohamishiwa mahakama ya watu nilikuwa nimekaa juu ya mkokoteni wangu, kando ya barabara ambayo sitaitaja, nikisubiri mteja aliyeniahidi mzigo wa mikungu kumi na miwili. Askari wawili wakanijia na kuniuliza ninafanya nini.

"Nasubiri mzigo, afande."

"Mzigo uko wapi?"

"Haujafika, afande."

"Basi unazurura."

Naomba msomaji anisaidie hapo, kwa sababu hadi leo mimi mwenyewe nimeshindwa. Ninavyokijua Kiswahili, mzururaji ni mtu anayetembea huku na huko bila shughuli, na mimi nilikuwa nimekaa, tena nimekaa juu ya shughuli yenyewe, ikiwa na magurudumu mawili ya gari na mpini niliouchonga kwa mkono wangu. Nilipowaeleza hayo, nikaambiwa nimeongeza kosa la ubishi. Mkokoteni ukaachwa kwa muuza mihogo, nami nikapandishwa kwenye gari pamoja na vijana wanane, mmoja wao akiwa amekamatwa na mswaki mdomoni.

Kituoni nilikaa siku tatu, na hapo ndipo nilipokabidhiwa fagio. Lilikuwa fagio la chelewa, limechakaa hadi kufikia urefu wa kiganja, limefungwa kwa kipande cha tairi ya baiskeli, na ili lifike chini ilinibidi niiname kama mtu anayetafuta sindano. Nilifagia uwanja asubuhi, nikafagia korido jioni, na siku ya pili nikafagia hata chini ya mti ambao majani yake yalikuwa yakianguka nyuma yangu kadiri nilivyosonga mbele. Nilimuuliza afande wa zamu, kwa adabu zote, kama kufagia huko kutahesabiwa katika adhabu. Akanijibu kwamba bado sijahukumiwa, kwa hiyo hiyo si adhabu, ni usafi.

Nilipofikishwa mbele ya hakimu nilisomewa shtaka la uzembe na uzururaji, makosa ambayo yamo katika Kanuni ya Adhabu tangu enzi za Mwingereza. Hakimu aliniuliza nilikuwa ninakwenda wapi. Nikasema, "Sikuwa ninakwenda popote, Mheshimiwa, nilikuwa nimekaa," nikiamini kwamba nimejitetea vizuri mno, na karani akaandika kwamba mshtakiwa anakiri hakuwa na mahali anapokwenda. Dhamana ilikuwa wazi, ila nilitakiwa kuwa na wadhamini wawili, mmoja wao awe mtumishi wa serikali. Mtumishi wa serikali pekee niliyemfahamu alikuwa mwalimu wa mwanangu, naye alikuwa akinidai fedha za twisheni za miezi minne, na nadhani alipopata habari kwamba nimewekwa mahali nisipoweza kukimbia alifarijika. Nikakaa mahabusu wiki mbili. Nikarudishwa kwa karandinga, nikahukumiwa kulipa faini ya shilingi 50,000 au kwenda jela miezi mitatu, na mke wangu, mwanamke mwenye maamuzi ya haraka, akauza mkokoteni ili anitoe. Kwa maneno mengine, ili nilipe faini ya kutokuwa na kazi niliuza kazi. Kuanzia siku hiyo nikawa mzururaji kweli kweli, mwenye stakabadhi ya serikali, na hakuna askari aliyenigusa tena.

Basi mambo yangu yangeishia hapo kama si mwaka 2016, mwezi wa pili, nilipokuwa kijiweni nikinywa kahawa na fundi saa jirani yangu, redio ikatangaza kwamba mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona, wametolewa gerezani ili wamalizie kifungo chao kwa kufanya usafi katika Hospitali ya Sinza Palestina. Kijiwe kizima kilinyamaza. Muuza kahawa aliendelea kumimina hadi kikombe kikafurika, na hakuna aliyemkumbusha.

Wenzetu hao walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu Novemba 2008, wakishtakiwa kwa kutumia madaraka vibaya, kwa sababu ya msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni ya Alex Stewart, iliyokuwa imepewa kazi ya kukagua uzalishaji wa dhahabu. Hasara iliyotajwa ni shilingi bilioni 11.7. Kesi ilikwenda hadi Julai 2015, karibu miaka saba, wao wakifika na mawakili wao, wakiketi, wakiinuka, wakirudi nyumbani. Kisha wakahukumiwa miaka mitatu jela na faini ya shilingi milioni tano kila mmoja, na katibu mkuu wa zamani aliyeshtakiwa pamoja nao akaachiwa huru. Mahakama Kuu ikapunguza kifungo kuwa miaka miwili. Sitaki kuwa mchoyo wa haki: walilala gerezani miezi kadhaa, na katika nchi hii mtu aliyewahi kusoma bajeti bungeni kulala gerezani hata usiku mmoja ni jambo la kuandikwa. Mimi nimesikia ahadi za kuwakamata vigogo tangu nikiwa na meno ya utotoni, na ninayoyakumbuka zaidi ni maneno yao wenyewe. Mwanasheria Mkuu wa zamani, Andrew Chenge, alipoulizwa mwaka 2008 kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa katika akaunti yake kisiwani Jersey, aliziita vijisenti, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani kwa vijisenti hivyo. Wakati wa sakata la Escrow, la mabilioni yaliyochotwa katika akaunti maalumu iliyokuwa Benki Kuu, Profesa Anna Tibaijuka, aliyepokea shilingi bilioni 1.6 ambazo alisema ni mchango wa shule, aliondolewa uwaziri Desemba 2014, halafu akaja kueleza kwamba shilingi milioni kumi alizozitoa kati ya fedha hizo zilikuwa za mboga. Nilipolisikia hilo nilimwomba mke wangu radhi. Mimi mboga nilikuwa nikimwachia elfu mbili, tena kwa kununa.

Tuirudie redio. Mtangazaji alieleza kwamba wafungwa hao watafanya usafi kwa saa nne kila siku, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo inamruhusu mtu aliyefungwa kifungo kisichozidi miaka mitatu kuitumikia jamii badala ya kukaa ndani. Hapo ndipo kahawa iliponipalia. Mwaka 2002! Yaani siku ile nilipokuwa nimeinama na kile kifagio cha kiganja, sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, imekwisha kuingia darasa la sita, na hakuna hakimu, karani, askari wala mahabusu mwenzangu aliyewahi kuitamka mbele yangu. Miezi yangu ilikuwa mitatu tu! Ningeweza kusimama kizimbani nikasema kwa sauti, "Mheshimiwa, mimi ni mfagiaji mzoefu, ninayo siku tatu za majaribio," na mkokoteni wangu ungekuwepo hadi leo.

Fundi saa, ambaye ana nakala ya Katiba isiyo na jalada, akanisomea Ibara ya 13, kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Nikamwambia silibishi neno hata moja katika hiyo ibara, na kwamba mbele ya sheria kweli tulikuwa sawa, maana kizimba ni kilekile na mbao zake zina misumari ileile inayochana suruali bila kuuliza cheo. Ninachokilalamikia ni safari ya kufika hapo mbele. Wao walifika kwa magari yao, mimi kwa karandinga. Wao walianza na mawakili wakamalizia na fagio, mimi nilianza na fagio, na wakili hadi leo sijamwona.

Nikaamua kwenda Sinza kushuhudia. Sikutaka kumcheka mtu, ingawa mke wangu anasema nilivaa shati la Idi. Nilitaka kuona fagio walilopewa. Ni jambo dogo, lakini fundi hupenda kuona vifaa vya fundi mwenzake. Kwa kuwa redio ilisema saa nne, nikafika getini saa nne kamili asubuhi, jua likiwa limeanza kuuma, na kuwakuta watu wengine sita waliokuja kwa hesabu hiyohiyo. Mlinzi alituangalia kwa huruma, akauliza kama sisi ni wagonjwa au watazamaji. Mzee mmoja akajibu kwamba yeye ni vyote viwili. Tukaelezwa kwamba saa nne ni muda wa kazi, si saa ya kuanzia, na kwamba hospitali si uwanja wa taifa.

Mawaziri sikuwaona. Niliona uwanja uliofagiwa, mistari ya chelewa imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na kwa utaalamu wangu mdogo nilitambua kwamba aliyefagia pale, awaye yote, alitumia fagio refu. Kando ya ukuta palikuwa na majani yaliyohitaji kufyekwa. Mzee yule mgonjwa na mtazamaji aliyatazama kwa muda, kisha akatukumbusha jinsi Mramba, alipokuwa Waziri wa Fedha, alivyonukuliwa akisema kwamba hata kama itabidi Watanzania wale majani, ndege ya Rais itanunuliwa. Ndege ilinunuliwa. Tuliyatazama yale majani sote saba, na muuza karanga aliyekuwa nyuma yetu akauza pakiti nne.

Niliporudi kijiweni waliniuliza nimeona nini, nikasema nimeona uwanja. Waliudhika. Walitaka niwaeleze jinsi kigogo anavyoinama, kama anatoka jasho, kama anapumzika kila baada ya hatua tatu. Na nilipowakumbusha kwamba mimi niliinama siku tatu mfululizo na wao walinijua, tena wawili kati yao walipita nje ya uzio wakanipungia mkono na kuendelea na safari, fundi saa akasema kwamba hiyo haikuwa habari. Mfagiaji kufagia si habari. Nikamwambia kwamba wakati ule sikuwa mfagiaji, nilikuwa mtuhumiwa. Akaniuliza tofauti ni nini, na kwa kuwa yeye ni mtu wa Katiba nilitegemea ajijibu mwenyewe, lakini alikuwa ameshainamia saa ya mteja, jicho moja limefumbwa.

Adhabu ile ya Sinza ilikuwa imepangiwa kwisha Novemba 2016. Mimi nilichukua miaka miwili kununua mkokoteni mwingine, wa mtumba, wenye gurudumu moja linalolia kama mbuzi, na nimejifunza kutokaa juu yake. Nikisubiri mzigo husimama, nikizunguka taratibu, ili yeyote atakayenitazama aone mtu mwenye safari.

Stakabadhi ya faini bado ninayo, ndani ya kopo la maziwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wino wa jina langu umefifia, tarakimu zinasomeka vizuri. Juzi nimeigeuza na kukuta mke wangu ameandika nyuma yake, kwa kalamu ya mtoto, deni letu kwa mama muuza mboga: shilingi elfu mbili na mia tano.