Udumavu hauondolewi kwa semina

Kila takwimu za lishe zinapotoka, sisi wa Nyanda za Juu Kusini huulizwa swali lile lile: inakuwaje mikoa inayolisha nchi ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa, lakini Iringa walikaribia asilimia 57, na Njombe na Rukwa karibu nusu. Jibu jepesi ni kwamba kina mama hawajui mlo kamili. Silikubali.

Nimeiona alfajiri ya mama anayefanya kibarua katika mashamba ya chai ya Mufindi. Anakoroga uji wa sembe, anautia kwenye chupa ya chai, anamwachia binti wa miaka 8 amnyweshe mdogo wake wa miezi 14, kisha anaondoka na kurudi jioni, kuni na maji vikimsubiri. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, hivyo anahitaji kulishwa mara kwa mara, chakula kizito chenye maharage, dagaa au yai, na mtu mzima wa kumbembeleza ale. Makundi ya vyakula mama huyo anayataja kwa ghaibu, maana kliniki amefundishwa mara nyingi. Alichokosa ni muda na fedha.

Hata penye shamba la familia, aliyepalilia mara nyingi siye anayepanga matumizi. Nyanya za Ilula na parachichi za Njombe hupakiwa kwenye magari, fedha zinashikwa na baba, na mtoto anabaki na uji mtupu.

Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa lishe ya kila mtoto wa chini ya miaka 5. Dukani kwetu hiyo ni bei ya mayai mawili, ilhali urefu aliokosa mtoto katika miaka yake 2 ya kwanza ni vigumu mno kuurudisha baadaye.

Sheria ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na ruhusa ya kwenda kunyonyesha kwa muda usiozidi saa 2 kila siku. Kibarua wa kutwa asiye na mkataba akijifungua, ujira wake unakoma siku hiyo hiyo. Hapo ndipo ningetaka mkutano ujao wa lishe uanzie, na kituo cha kulelea watoto kijengwe pembeni ya shamba la chai.