Desibeli nne zinazoitwa "mwili"

Weka bodi mbili za amplifaya mezani, moja ya chipu ya TDA7294 na nyingine ya LM3886, zote zimeundwa kwa kufuata mchoro wa karatasi ya kiwanda. Transfoma ni moja, spika ni zile zile, na simu inayopiga taarab ni moja. Ziunganishe kwa zamu bila kugusa kitufe cha sauti, kisha waulize walioketi barazani. Usishangae ukiambiwa TDA "ina mwili", udi unasikika kila uzi, na LM "imekauka".

Sasa shika kalamu. Mchoro wa TDA7294 una rezista ya kilo-ohm 22 na ya ohm 680 kwenye njia ya mrejesho (inayorudisha sehemu ya sauti inayotoka ili kupanga ukuzaji), kwa hiyo hukuza volti mara 33 hivi. Ule wa LM3886 una kilo-ohm 20 na kilo-ohm 1: mara 21. Tofauti ni desibeli 4 za ukubwa wa sauti. Kitufe kikiwa pale pale, TDA inaipa spika wati mara mbili na nusu ya zile za mwenzake. Huo ndio mwili.

Mafundi wa amplifaya Mombasa wamegawanyika pande mbili, wa sikio na wa vipimo, na anayesema "sikio ndiyo mita yangu" ndiye anayeshangiliwa. Sikio halinunuliwi, osiloskopu, chombo cha kuonyesha wimbi la umeme, ni ghali. Isitoshe, watu wa vipimo wamejiharibia wenyewe kwa kutembea na namba moja mfukoni, ile asilimia ya upotoshaji wa sauti iliyopigwa chapa kwenye karatasi.

Hapo mwenye sikio ana haki, na haki yake isemwe. Karatasi ya LM3886 inataja asilimia 0.03 ikiwa chipu inatoa wati 60. Nani husikiliza kwa wati 60 sebuleni Majengo? Usiku, watoto wamelala, spika inapata nusu wati, pengine haifiki. Namba ya wati 60 haisemi lolote kuhusu nusu wati. Tena namba hiyo hujumlisha kila kitu kwenye kapu moja: mwangwi wa pili wa noti (mlio wa ziada wenye mitetemo mara mbili ya noti yenyewe), ambao sikio huumeza kwa urahisi, na ule wa saba, ambao hukwaruza. Wahandisi wenyewe walilijua hili zamani. Mwaka 1950 D.E.L. Shorter wa BBC alipendekeza kila mwangwi uzidishwe kwa mraba wa namba yake kisha ugawanywe kwa nne, ili wa tano uhesabiwe zaidi ya mara sita ya wa pili. Pendekezo zuri, wauzaji hawakulitaka.

Lakini kutoka hapo hadi "vipimo havina maana" ni mbali kama Likoni kwa mtu aliyekosa feri. Namba moja ikiwa mbovu, dawa yake ni namba nyingine iliyo bora.

Chukua kasoro inayosikika zaidi kwa sauti ndogo. Amplifaya ya daraja AB ina transista mbili, moja husukuma na nyingine huvuta. Wimbi linapovuka sifuri, moja hupokeza kwa mwenzake. Mkondo wa kutulia (biasi) ukiwa mdogo mno, pale katikati pana mwanya, na mwanya huo haupungui sauti inapopungua. Kwa wati 60 ni tone baharini. Kwa nusu wati ni tone kwenye kikombe. Mkia wa udi unaofifia ndio unaopita hapo, na sikio linasema "ukavu". Limesema kweli.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Kwa amplifaya ya jozi ya transista za 2SC5200 na 2SA1943 yenye rezista za emita (zinazounganisha kila transista na mlango wa spika) za ohm 0.22, mahali pazuri ni karibu milivolti 26 juu ya kila rezista, yaani takribani miliampea 118. Kanuni hii ilielezwa na Barney Oliver wa Hewlett-Packard mwaka 1971. Kwa kuwa transista ina ukinzani wake mdogo ndani, kiutendaji 20 hadi 25 hutosha. Funga mlango wa kuingizia sauti kwa waya, ondoa spika, iache amplifaya iwake nusu saa, kisha rekebisha ukiwa na mita kwenye milivolti 200.

Tatizo la hapa ni joto. Kwa umeme wa volti 35 juu na 35 chini, jozi hiyo hula wati 8 bila muziki wowote. Mwezi wa Februari hitsinki ndogo (chuma cha kupoza transista) inaunguza mkono, mteja analalamika, fundi anapunguza mkondo. Hitsinki inapoa, udi unaharibika. Kilichotakiwa ni hitsinki kubwa zaidi, na transista inayodhibiti biasi ifungwe juu yake, isiachwe ikisimama peke yake kwenye bodi. Volti kati ya besi na emita hushuka karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kidhibiti kisipolihisi joto hilo mkondo hupanda, joto huongezeka, na mwishowe ni moshi.

Kwa hiyo sikio liligundua ugonjwa. Ila halikujua ni ugonjwa gani. "Ukavu" huo huo hutoka kwa biasi ndogo, kwa LM3886 inayotetemeka kimyakimya kwa sababu imekosa rezista ya ohm 2.7 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye mlango wa spika, kwa transista bandia yenye kipande kidogo cha silikoni, na kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ambayo miguso yake imeliwa na hewa ya chumvi. Magonjwa manne, kilio kimoja. Fundi asiyepima atabadilisha kapasita za bei kubwa, atacheza na nyaya, na siku akigusa rilei kwa bahati atasifu kapasita.

Narudi kwenye ukubwa wa sauti, kwa sababu hata bodi mbili za mchoro mmoja hazilingani. Rezista za asilimia 5, kilo-ohm 22 na kilo-ohm 1, zikipotoka kwa mwelekeo mbaya kabisa, bodi moja inaweza kuipita nyingine kwa desibeli 1.7 hivi. Tofauti ikiwa ndogo zaidi sana ya hiyo, mara nyingi sikio haliisikii kama "kubwa" na "ndogo". Huisikia kama "safi", "karibu", "wazi". Sikio halilali njaa, walisema wazee. Ukilipatia nusu desibeli litaila na kukuambia ilikuwa pilau.

Jaribio la haki linataka bodi zilingane ndani ya desibeli 0.1, yaani asilimia moja ya volti. Hapa ile mita ya njano ya DT830 ina mtego: kipimo chake kidogo cha umeme wa AC ni volti 200, na hatua yake ni volti 0.1. Ukipima kwenye volti 1, hatua hiyo ni asilimia 10, haifai kitu. Ondoa spika (isipokuwa amplifaya ni ya vali, zile taa za kioo za zamani, hiyo usiiache bila mzigo), piga mlio wa hatsi 200 kutoka kwenye simu, pandisha hadi isome volti 10.0, kisha leta ya pili hapo hapo kwa potenshometa yake. Usitumie hatsi 1,000. Mita hiyo imetengenezwa kwa hatsi 40 hadi 400 hivi. Swichi ya kubadilisha amplifaya ikate nyaya zote mbili za spika, maana kwenye bodi nyingi za chipu ya TPA3116 hakuna waya wa spika ulio ardhini, na milango ya amplifaya mbili ikigusana moja itakufa. Mtu mwingine arushe sarafu kuchagua bodi, wewe usione, nawe utaje ni ipi. Ukipatia mara 12 kati ya 16, bahati peke yake ingekufikisha hapo chini ya mara 4 katika kila 100. Hapo useme umesikia, na mwenye mita awajibike kutafuta ni nini.

Amplifaya za vali mara nyingi hutambulika kwenye mtihani huo, na watu wa sikio hulitaja hili kwa furaha. Ni kweli zina sauti yao. Nyingi za vali moja zisizo na mrejesho zina ukinzani wa ohm 2 hivi kwenye mlango wa spika, na spika ya "ohm 8" huenda ikawa ohm 6 kwenye sauti fulani na 30 kwenye nyingine. Hesabu inatoa karibu desibeli 2 za kupanda na kushuka, kwa kufuata ukinzani wa spika yenyewe unavyobadilika. Anayeipenda sauti hiyo hajakosea. Kabla hajaagiza vali, aunge rezista ya ohm 2, wati 10, kwenye waya wa spika ya LM3886 yake, asawazishe sauti upya, asikilize.