Begi Lina Mwenyewe

Mzee mvuvi aliponikabidhi fimbo, nilimcheka moyoni.

"Iinue juu ya kichwa, mwanangu. Hawa ndege hupiga kile kilicho juu kabisa."

Mimi, kijana wa Tanga mwenye diploma ya wanyamapori, nihesabu viota huku nimeinua fimbo kama kiranja wa gwaride? Nikaiegemeza mwambani.

Tulikuwa Musambwa, visiwa vya mawe upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Viliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2006, na shakwe wa kichwa kijivu wanaozaliana pale ndio walionipeleka. Niseme tu, kwenye picha ni ndege wapole sana.

Nilifika kiota cha 37. Shakwe wa kwanza alinipitia sikioni. Wa pili akanidonoa utosini. Wa tatu hakudonoa, alinimwagia. Kama hujawahi kuoga kinyesi cha ndege aliyeshiba dagaa, usinihukumu kwa nilivyokimbia. Begi nikalitupa likiwa wazi, nikajibanza chini ya mtumbwi uliopinduliwa.

Niliporudi kulichukua, mkia mweusi ulikuwa unamalizikia kuingia ndani.

Nikapiga ukelele. Wavuvi wakaja mbio, nami nikashukuru: mapanga hayo yanakuja! Wapi. Mikono mitupu. Msambwa kwa Waganda ni pepo, na nyoka wa kisiwa kile hawauawi. Mzee akavua kofia, akachungulia, akasema kwa upole, "Pumzika, ssebo," yaani bwana.

"Ahsante, mzee," nikajibu.

"Si wewe."

Fomu zote zilikuwa mle, pamoja na chapati zangu mbili.

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunangoja. Mgeni akilala, kwenu anaamshwa?"

Tukangoja tangu saa nne asubuhi. Wenzangu wakala sangara wa kuchoma, wakacheza karata, wakanisimulia habari za wageni wengine waliodharau fimbo. Saa tisa bwana yule akatoka taratibu, hana haraka, akapotelea mawe­ni. Chapati hakuzigusa. Na mimi sikuzigusa.

Jioni mkuu wa utafiti akakagua fomu. "Saa tano nzima hujaandika kitu?"

"Hitilafu ya vifaa, mwalimu."

"Kifaa gani?"

"Begi."

"Lilichanika?"

"Hapana. Lilikuwa na mwenyewe."

Nyuma yangu mzee alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa anachonga fimbo nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza.