Serikali ikisogea karibu, inasogea karibu na nani?

Hoja ya watetezi wa ugatuzi, yaani kushusha madaraka kutoka serikali kuu hadi ngazi za chini, inaeleweka upesi: diwani anayeishi jirani na kisima kilichokauka hangoji ripoti ndipo ajue kimekauka. Mfano wao mkubwa ni Bolivia, na hawakosei kuutaja. Kabla ya sheria ya ugatuzi ya mwaka 1994, miji mitatu mikubwa ilikuwa ikichukua asilimia 86 ya fedha zilizotengewa manispaa zote. Mgao ulipoanza kuhesabiwa kwa idadi ya watu, fungu la miji hiyo likashuka hadi asilimia 27. Manispaa ndogo za mashambani, nyingine zikishika fedha kwa mara ya kwanza, zikaelekeza nyingi kwenye elimu na maji.

Ila hapo hayakushuka madaraka matupu. Zilishuka fedha, tena kwa kanuni isiyongoja hisani ya waziri. Panapogatuliwa majukumu bila fedha, halmashauri maskini hubaki na zahanati isiyo na dawa, na njia nyepesi ya kupata mapato ni ushuru wa soko. Anayebanwa ni muuzaji aliyetandika nyanya chini, si mwenye ghorofa anayejua simu ampigie nani.

Wapinzani wana hofu nyingine, nami naiona nzito zaidi: kilicho karibu na mwananchi kiko karibu pia na wakubwa wa pale pale. Uganda, kati ya 1991 na 1995, ruzuku ya wanafunzi ilipitia wilayani, na shule za msingi zikapata kwa wastani asilimia 13 tu ya haki yao. Shule za maeneo yenye nafuu zilipata zaidi, maana huko kulikuwa na watu wa kudai. Baadaye mgao ukachapishwa magazetini, shule zikaagizwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea, na kilichofika kikapita asilimia 80. (Wachumi bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na matangazo yenyewe.)

Karatasi ya ukutani hata kibarua anaweza kuisoma jioni akitoka kazini. Mkutano wa bajeti, ambao ndio fahari ya ugatuzi, mara nyingi huitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Kibarua akienda, siku hiyo hana ujira. Basi haendi. Orodha ya mahudhurio itajaa sahihi vilevile, na mradi utakaopitishwa ni barabara ya kwenda kwa mwenyekiti.