Fidla ya Huberman: mwenyewe halali alikuwa nani?

Watu wengi wakisikia stori ya hii fidla ya wizi, inayoitwa Gibson, wanaishia kumhurumia Altman, mpigaji aliyekaa nayo karibu miaka 50, na mi naelewa, ila ukiifuata mali yenyewe toka kwa mtu hadi mtu huruma inaanza kupungua.

Kwa asiyeijua: ilitengenezwa na Antonio Stradivari, fundi maarufu wa fidla, kule Cremona, Italia, mwaka 1713, na hilo jina ni la mpigaji wa Kiingereza, George Alfred Gibson, aliyewahi kuwa nayo. Baadaye ikawa ya Bronisław Huberman, mpigaji fidla Myahudi wa Poland, akaibiwa Vienna 1919 ikapatikana baada ya siku chache, afu tarehe 28 Februari 1936 akaibiwa tena, safari hii kwenye ukumbi wa muziki wa Carnegie Hall pale New York, yeye yuko jukwaani anapiga fidla yake nyingine ya fundi Guarneri, hii kaiacha chumba cha nyuma. Lloyd's ya London wakamlipa bima dola 30,000, akafariki 1947 hajaiona tena.

Kumbe iko kwa Julian Altman, kijana aliyekuwa anapiga muziki kwenye mgahawa jirani. Kuna maelezo kwamba aliinunua dola 100, kuna mengine kwamba aliiba mwenyewe. Akaipaka dawa ya viatu isijulikane, akaipiga karibu miaka 50, mpaka na National Symphony Orchestra ya Washington, wenzake pembeni hawana habari kabisa. 1985 yuko mahututi ndo akamwambia mkewe aangalie kwenye kasha la fidla, na kati ya kasha na kava lake kulikuwa na vipande vya magazeti vya 1936 vinavyoeleza ule wizi.

Hayo magazeti ndo yanammaliza. Wanaomtetea wanasema alikuwa kijana, huenda hakujua anauziwa nini, na angalau fidla ilipigwa badala ya kufungiwa kabatini kwa tajiri. Hilo la kupigwa lina uzito, maana hata mpigaji fidla Joshua Bell aliyeinunua 2001 kwa karibu dola milioni 4 aliikuta iko mbioni kwenda kwa mkusanyaji Mjerumani. Lakini mtu anayehifadhi habari ya wizi pamoja na mali ya wizi hawezi kusema hakujua, na hata angekuwa hajui, mwizi hana umiliki wa kukuuzia.

Kwa hiyo mwenyewe ni Lloyd's. Ni kama gari ikiibiwa bima wakakulipa, siku ikipatikana ni yao, we ulishachukua chako. Hapa wengine wanapiga kelele kwamba walitoa 30,000 wakaja kuiuza 1988 kwa mpigaji fidla Norbert Brainin dola milioni 1.2, sa huo si unyonyaji? Piga hesabu kwanza. Hiyo 30,000 ingewekwa mahali ikazaa asilimia 7 kwa mwaka, kwa miaka 52 ingefika kama milioni 1, na kwenye ile milioni 1.2 walishatoa dola 263,475 za kumzawadia mjane wa Altman kwa kuirudisha. Faida ya kutisha siioni hapo.

Kinachonisumbua ni hiyo zawadi. Binti wa Altman alienda mahakamani akidai hela ni ya mirathi ya baba yake, na Mahakama Kuu ya jimbo la Connecticut 1996 ikakubali. Kisheria imekaa sawa, mjane alikuwa msimamizi wa mirathi, fidla aliipata kwenye vitu vya marehemu, na msimamizi hatakiwi kujinufaisha na kazi hiyo. Lakini angalia matokeo yake bana: zawadi ya kurudisha mali ya wizi inaingia kwenye mirathi ya mtu aliyeificha maisha yake yote! Ukiniambia mjane naye aliirudisha 1987, yani alikaa nayo kama miaka miwili kwanza, sibishi. Bado mi ningempa yeye, maana toka 1936 ni yeye tu aliyekuwa na fidla hiyo mkononi, akajua ni ya wizi, akaipeleka kwa mwenyewe.