Ruzuku za viwanja Kusini: hati kwanza au goli kwanza?

Mfadhili anayetaka kujengea vijana kiwanja cha michezo kwa kawaida huuliza mambo mawili kabla hajafungua mkoba: hati ya eneo iko wapi, na chama kilichosajiliwa kiko wapi. Dar es Salaam maswali hayo yanajibika. Ukiyapeleka Nanyamba, Kitangari au Liwale, huku Kusini kwenye mikoa ya Mtwara na Lindi, mazungumzo huishia hapo. Uwanja wa kijiji ni eneo lililotengwa na wazee kitambo, jirani na shule ya msingi, magoli ya miti, mpaka wake mwembe huu na mkorosho ule. Kila mtu anajua kuwa ni uwanja, ila hakuna karatasi inayosema hivyo.

Wanaotetea masharti haya wana hoja nzito, na Mtwara mjini ushahidi upo. Viwanja vikubwa vingi nchini vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa michango na jasho la wananchi wote. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, vikabaki mikononi mwa CCM. Nangwanda Sijaona, ambako Ndanda FC ilichezea Ligi Kuu, ni mmojawapo. Sigombani na chama hapa. Nasema tu kwamba aliyebeba mchanga hakuandikwa popote, na asiyeandikwa hana pa kuanzia kudai. Halafu gesi ilipovuma miaka ya 2010 na bei za ardhi Mtwara zikapanda, kila mwenye macho aliona jinsi eneo la wazi linavyoweza kuamka lina msingi wa nyumba. Mfadhili akikataa kumwaga saruji kwenye ardhi isiyo na mwenyewe, ana haki.

Lakini angalia masharti hayohayo yanampa nani fedha. Yanampa mwenye ofisi, umeme na mtu wa kuandika andiko la mradi. Ndiyo maana Kidongo Chekundu, katikati ya Dar es Salaam, kilipata kituo cha vijana cha Jakaya Kikwete mwaka 2015 kwa fedha za Symbion Power na ushirikiano wa klabu ya Sunderland ya Uingereza, na fedha za FIFA kupitia TFF, shirikisho la soka nchini, zikajenga vituo Kigamboni na Tanga. Ni kazi nzuri zote. Kusini kwa kawaida tunaletewa jezi na mipira. Mtu atanitajia Ruangwa, mkoani Lindi, yenye Uwanja wa Majaliwa na Namungo FC iliyofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Kweli, lakini mbunge wa Ruangwa wakati huo alikuwa Waziri Mkuu. Jimbo lisilo na bahati hiyo lifuate mfano gani?

Njia ya mkato inayopendwa ni kuiweka ruzuku chini ya shule ya msingi: ina akaunti, ina mwalimu mkuu, iko chini ya halmashauri. Kwa mhasibu ni safi. Kwa kijana aliyemaliza darasa la saba na sasa anaendesha bodaboda, geti hufungwa saa kumi, na ni huyo hasa ambaye ruzuku iliandikwa kwa jina lake.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipitia juujuu ni maji. Mvua za Kusini huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi cha mashindano ya mchangani. Uwanja wa nyasi unataka kumwagiliwa miezi hiyohiyo ambayo Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, watu wanahangaika na ndoo. Sioni mwenyekiti wa kijiji akisimama mbele ya akina mama kuwaeleza kwamba maji yamekwenda kwenye nyasi. Nyasi bandia hazinywi maji kiasi hicho, lakini zinachemka juani, na baada ya miaka minane hadi kumi zinahitaji kubadilishwa. Nani atalipa? Uwanja kamili wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Kiwanja cha kikapu ni 420 tu. Zege la eneo hilo, lenye milingoti ya kikapu na ya netiboli, linawapa nafasi wasichana ambao kwenye uwanja wa vumbi husubiri wavulana wamalize. Na saruji inatengenezwa Mtwara penyewe.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa hati, ila nageuza mpangilio: karatasi isiwe tiketi ya kuombea ruzuku, iwe kazi ya kwanza inayolipiwa na ruzuku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji utoshe kufungua mlango, awamu ya kwanza ilipe wapimaji, ya pili ijenge. Huo mwaka wa kwanza hautakuwa na utepe wa kukata wala picha ya kutuma makao makuu, na baadhi ya wafadhili wataondoka. Waende.

Fedha za ndani pia zipo, tukizidai. Tangu 2021 asilimia 5 ya kodi ya ubashiri wa michezo huelekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kijana wa Chikongola ambaye mkeka wake wa kubashiri unachanika kila Jumamosi keshachangia bila kuombwa. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya vijana haifai hapa: ni mkopo, na goli halirejeshi mkopo.

Matengenezo wengine wanataka yakatwe kwenye kilo ya korosho kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Napinga, makato ya mkulima yameshajaa. Viingilio vya timu kwenye kombe la mbuzi vinatosha chokaa na nyavu. Zege likipasuka, hapo halmashauri ndiyo iitwe.